Bisi za umeme: Dakar imetia sahihi kwa miaka 15, muzigo uko kwa nani?

Tangu mwezi wa tano 2024, mukaaji wa Guédiawaye, kaskazini mwa Dakar, anaweza kupanda bisi ndefu ya umeme na kushuka katikati ya muji, pa Petersen, bila kulala katika foleni ya magari. Bisi iko na njia yake peke yake: kilometa 18.3, vituo 23, bisi 121 zenye urefu wa metre 18 kila moja. Waliopanga muradi waliahidi kwamba safari iliyokuwa inakula dakika 95 itashuka mpaka 45. Ndiyo njia ya kwanza ya namna hii mu Afrika yenye kutembea na umeme mutupu, na picha zake zinazunguka hata mu simu za watu wa hapa Lubumbashi. Kila mara swali ni lile lile: kwetu itafika lini?

Picha inaonyesha bisi, haionyeshi mukataba. Na mukataba ndio unaosema mutu atalipa ngapi, nani atabeba hasara kama abiria hawatoshi, na wale wenye magari yao ya zamani watakwenda wapi. Kabla ya kuuliza bisi zitafika lini, inafaa kujua Senegali ilitia sahihi juu ya nini, na miji mingine iliyotangulia iliumia wapi.

Nani alileta nini

Tuanze na feza. Muradi mzima wa Dakar umepita bilioni 400 za faranga CFA. Sehemu kubwa ni ya barabara yenyewe: kupanua njia, madaraja, vituo, mifereji ya maji. Hiyo ililipwa na serikali kwa mikopo. Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 300 katika mwaka 2017, na Banki ya Ulaya ya Uwekezaji ikatoa euro milioni 80. Mikopo hiyo itarudishwa na raia wa Senegali, awe anapanda bisi ao hapandi.

Upande wa pili ni kampuni. Inaitwa Dakar Mobilité. Asilimia 70 ya hisa ziko za Meridiam, kampuni ya uwekezaji ya Ufaransa, na asilimia 30 za FONSIS, mufuko wa uwekezaji wa serikali ya Senegali. Keolis, nayo ya Ufaransa, inaleta ujuzi wa kuendesha. Kampuni hiyo ndiyo ilileta bisi na mashine za kuzichaji, ndiyo inalipa mashofere, ndiyo inatengeneza, kwa muda wa miaka 15. Juu yao kuko CETUD, ofisi ya serikali yenye kusimamia usafiri wa muji, ambayo inapaswa kuangalia kama bisi zinapita kwa saa na kama ni safi.

Hiyo ndiyo inaitwa konsesioni. Serikali haiuzi barabara. Inamupa mutu binafsi haki ya kutumia na kukusanya feza kwa miaka fulani, naye anaahidi kutoa kazi ya kiwango fulani. Watu wa Katanga hawahitaji maelezo marefu hapa, juu wanajua barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa na peaji yake. Kule pia barabara ni ya inchi, lakini miaka mingi mwenye kukusanya kwenye kizuizi ni kampuni. Na kule pia swali la watu halikuwa juu ya peaji kama peaji. Lilikuwa: kiasi gani kinaingia, na kinarudi wapi?

Tofauti ni hii: lori la makaratasi ya forodha linaweza kulipa peaji na kuongeza bei ya muzigo wake. Mama anayekwenda soko hawezi kumuongezea mutu yeyote.

Hesabu isiyofunga

Tikiti ya Dakar ni faranga CFA 400 kama unabaki katika eneo moja, na 500 kama unavuka kwenda eneo la pili. Mutu anayekwenda kazini na kurudi anaweza kutoa 1,000 kwa siku. Kwa mwenye mushahara wa kila mwezi hiyo inaweza kukubalika. Kwa muchuuzi wa samaki ni hesabu ingine, na magari madogo ya zamani yanaendelea kumuita pembeni ya barabara kwa bei ndogo, zaidi kama safari yake ni fupi.

Hapa ndipo kila konsesioni ya bisi inakutana na ukuta. Tufanye hesabu ya mufano tu, si ya Dakar. Muji uko na bisi 100, na kila moja inatembea kilometa 200 kwa siku. Mukataba unasema serikali italipa kampuni dola 3 kwa kila kilometa. Hiyo ni dola 60,000 kila siku. Tikiti ni nusu dola. Ili hesabu ifunge, wanatakiwa watu 120,000 wenye kulipa, kila siku, Jumapili na mvua ndani. Kama wanalipa 70,000 peke, zinaingia dola 35,000. Dola 25,000 zinakosekana, na hapo ni siku moja. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni tisa.

Nani anaziba shimo hilo? Kuko namna mbili kubwa za kuandika mukataba, na zingine zote ni mchanganyiko wake.

Katika namna ya kwanza, kampuni inakula kile inachokusanya. Abiria wakiwa wachache, hasara ni yake. Inaonekana muzuri kwa serikali, lakini kampuni ikianza kuumia inapunguza bisi, inaacha vipande visivyo na watu wengi, inasongesha watu ndani ya gari moja. Kwa neno lingine, inafanya sawa taksi-bisi ya kila siku inavyofanya: haitoki mpaka ijae.

Katika namna ya pili, kampuni inalipwa kwa kilometa ao kwa kazi iliyofanya, na feza za tikiti zinaingia katika mufuko wa muji. Bisi inapita hata ikiwa nusu tupu. Abiria anafurahi. Lakini shimo linahamia kwa hazina ya serikali, na siku hazina inachelewa kulipa, bisi zinaegeshwa. Raia wa Kongo anajua ni mara ngapi hazina inachelewa.

Santiago ilivyoungua mara mbili

Muji ambao umejifunza kwa machozi ni Santiago ya Chile. Tarehe 10 mwezi wa pili 2007, serikali ilibadilisha bisi zote za muji kwa siku moja. Muradi uliitwa Transantiago. Wenye bisi wa zamani walitolewa, kampuni chache zikapewa mikataba. Lakini mikataba hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: mapato ya kampuni yalikuwa yamehakikishwa kwa sehemu kubwa sana, hata kama bisi haikutoka garaji. Basi kampuni zikatoa bisi chache. Watu walisimama masaa kwenye vituo, metro ikafurika, na rais wa wakati ule, Michelle Bachelet, akaomba radhi kwa wanainchi.

Serikali ikaandika mikataba upya, ikiangalia zaidi abiria na kilometa zilizotembewa kweli. Ruzuku ikapanda. Na watu wakajifunza kupanda bila kulipa. Kuko miaka ambayo zaidi ya robo ya abiria wa bisi hawakupitisha karti.

Kisha mwezi wa kumi 2019 bei ya metro ikaongezwa peso 30 kwa saa za watu wengi. Peso 30 ni feza ndogo. Wanafunzi wakaruka vizuizi vya metro, polisi ikaingia, na tarehe 18 muji ukawaka. Vituo vya metro vikachomwa, hali ya hatari ikatangazwa. Hasira ilikuwa ya mambo mengi, mishahara, shule, pensheni, lakini ilitokea kwa mulango wa tikiti. Mutu anayeandika kanuni ya kupandisha bei ndani ya mukataba, mahali raia hasomi, akumbuke peso 30.

Lakini Santiago hiyo hiyo ndiyo imefundisha dunia namna ya kuingiza bisi za umeme. Bisi ya umeme ni ghali kuinunua, kisha inakula kidogo njiani. Kampuni ndogo ya bisi haipati mukopo wa kununua mamia. Kwa hiyo, kuanzia mwisho wa 2018, kampuni ya umeme Enel ilinunua bisi za BYD za kutoka China na kuzikodisha kwa kampuni yenye kuendesha, Metbus. Barabara ya Avenida Grecia ikawa njia ya umeme. Jambo la maana liko katika kipande kimoja cha mukataba: kodi ya bisi inalipwa moja kwa moja kutoka mufuko wa usafiri wa muji, na kama mwenye kuendesha anafukuzwa, bisi zinabaki na kupewa mwingine. Banki ikaona kwamba bisi haziwezi kupotea pamoja na kampuni. Baadaye serikali ikafanya hivyo kuwa kanuni: mwenye kuleta bisi ni mumoja, mwenye kuendesha ni mwingine. Leo Santiago iko na zaidi ya bisi 2,000 za umeme.

Dakar haikutenganisha hivyo: Dakar Mobilité inaleta na inaendesha. Faida ni kwamba kuko mutu mumoja wa kuulizwa. Shida inakuja siku ya kugombana naye, juu anashika usukani na anashika gari.

Dar es Salaam: barabara tayari, bisi hakuna

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili, mufano wa karibu ni Dar es Salaam, hata kama kule bisi si za umeme. Njia ya kwanza, ya kilometa 20.9, ilianza mwezi wa tano 2016 na bisi 140. Mupango ulikuwa unataka 305. Muendeshaji, UDART, alitokana na shirika la UDA pamoja na vyama vya wenye daladala, na alikuwa wa muda tu. Wakati bei inapangwa, UDART iliomba shilingi 1,200 kwa njia kuu. Mudhibiti akaruhusu 650. Abiria wakashangilia. Lakini kampuni iliyopata karibu nusu ya ile iliyoomba, na nusu ya bisi zilizotakiwa, ingenunua zingine na nini? Foleni za Kimara zikawa habari ya kila asubuhi, na mafuriko ya Jangwani, ambako garaji ilijengwa karibu na muto, yakaharibu bisi zaidi ya mara moja.

Njia ya pili, ya Mbagala, ni somo kali kuliko hilo. Zege ilikwisha, vituo vikasimama, rangi ikapakwa. Bisi zikakosekana muda murefu, juu muendeshaji hakupatikana, mpaka 2025. Serikali inaweza kukopa na kujenga barabara yenyewe. Kumupata mutu wa kuendesha kwa bei ambayo raia anaweza kulipa ni kazi nyingine kabisa, na haiishi siku ya kukata utepe.

Wenye magari wa zamani

Kila njia mupya ya bisi inapita juu ya mukate wa mutu. Dakar wako na "cars rapides", yale magari ya rangi ya manjano na buluu ambayo watalii wanapenda kupiga picha, na minibisi za AFTU. Hii AFTU inastahili kuangaliwa. Tangu miaka ya 2000, wenye magari waliwekwa katika vikundi, wakapewa mukopo wa kununua minibisi mupya, wakarudisha kidogo kidogo. Haikumaliza shida zote, lakini mwenye gari moja alibaki mwenye gari. Mupango wa sasa unataka minibisi hizo ziache njia kuu na kuleta watu kwenye vituo vya bisi ya umeme. Kwa karatasi ni rahisi. Kwa mwenye minibisi, ni kuambiwa aache sehemu nono na kubaki na vichochoro.

Hapa Lubumbashi, hesabu ya taksi-bisi inajulikana: shofere analeta kiasi fulani kwa mwenye gari kila jioni, kinachobaki ni chake na cha yule anayelipisha mulangoni. Hakuna mukataba, hakuna pensheni, lakini kuko kula. Ukipitisha konsesioni kutoka Ruashi ao Katuba mpaka katikati ya muji bila kuwahesabu watu hao, utawakuta barabarani, na si kwa kupanda bisi.

Kuko njia ya katikati. Nairobi na Kigali, kampuni ya BasiGo inamuachia mwenye matatu ao kampuni ya usafiri bisi ya umeme kwa malipo ya kila kilometa, ndani yake kuchaji na matengenezo. Mwenye gari anabaki kazini, muzigo wa betri uko kwa mwingine. Hiyo haitoi njia ya peke yake barabarani, na bila njia hiyo bisi ya umeme inakwama katika foleni sawa na Hiace. Lakini haifukuzi mutu.

Umeme wenyewe

Sasa jambo ambalo Dakar haikulazimika kuliwaza kiasi hiki. Bisi ya metre 18 inaweza kula kilowati-saa 300 ao zaidi kwa siku ya kazi. Bisi 100 ni kilowati-saa 30,000. Zikichajiwa usiku kwa masaa sita, garaji moja inataka megawati 5 bila kukatika. Kwa kiwanda cha muji hiyo si kubwa sana. Kwa mutaa wenye kuzoea delestaji, ni swali la kwanza la kikao: usiku ule SNEL ikikata, bisi za asubuhi zinatoka na nini? Na kama garaji inapewa laini yake ya pekee, watu wa nyumba za jirani wenye kulala gizani watasema nini?

Katanga inajua hadisi hii. Laini ya Inga–Kolwezi, kilometa karibu 1,700, imepita tangu miaka ya 1980 juu ya vijiji visivyo na balbu hata moja, kwa kuhudumia migodi. Mu Kongo nzima, karibu mutu mumoja kati ya watano ndiye anayepata umeme.

Watu wengi wanasema: lakini kobalti ni yetu, betri ni zetu. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka hapa. Lakini bisi nyingi za China zinatumia betri za lithiamu, chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata gramu. Serikali iliposimamisha kuuza kobalti inje mwezi wa pili 2025, kisha ikaweka vipimo mwezi wa kumi, viwanda vya bisi vya namna hiyo havikusimama. Shaba ni habari ingine: mota na nyaya haviwezi bila shaba, na Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuichimba. Hata hivyo, shaba ya Kolwezi haimupi mutu wa Kolwezi punguzo la tikiti. Bisi inanunuliwa kwa bei ya soko, kwa dola.

Na dola ni hatari ya peke yake. Faranga CFA imefungwa na euro, kwa hiyo mwekezaji wa Ufaransa pale Dakar haogopi sana kubadilishwa kwa feza. Faranga ya Kongo haijafungwa na kitu. Abiria atalipa kwa faranga, deni litahesabiwa kwa dola. Kila faranga inaposhuka, mutu atakuja kugonga mulango wa serikali akisema mukataba unaruhusu bei ipande.

Kile cha kusoma kabla ya kutia sahihi

Kongo iko na sheria ya ushirikiano kati ya serikali na watu binafsi, namba 18/016 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018. Kwa hiyo siku muji ao jimbo litaleta muwekezaji wa bisi, haitakuwa katika giza la sheria. Giza linaweza kuwa mahali pengine: katika viambatanisho. Ndipo panaandikwa kanuni ya bei, idadi ya abiria iliyohakikishwa, adhabu kama bisi hazipiti, na marufuku ya magari mengine kupita njia ile. Mukataba wa Sicomines wa 2008 uliwafundisha wakaaji wa hapa kwamba kurasa za mwisho ni nzito kuliko za kwanza.

Kuko kipande kimoja ambacho wandishi wa habari wanapaswa kukitafuta mbele ya vyote, na ni cha betri. Betri ya bisi kubwa, inayochajiwa kila usiku, inachoka kiasi cha mwaka wa nane mpaka wa kumi na mbili. Mukataba kama wa Dakar ni wa miaka 15. Ina maana katikati ya safari mutu atanunua betri mupya kwa bisi zote, feza nyingi sana kwa mara moja. Kama mukataba unasema ni kampuni, bei hiyo tayari iko ndani ya hesabu ya tikiti. Kama haisemi kitu, mwaka ule kampuni itakuja mezani na funguo za bisi mukononi, na asubuhi inayofuata abiria wa Ruashi watakuwa tayari wamesimama kwenye kituo.